Mzigo wa Mwalimu Usiachiwe Mwalimu Peke Yake

Wananchi wa Ukerewe na Ukara walisikiapo neno mwalo hukumbuka mitumbwi na samaki. Huko Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, wachimbaji wadogo huita mwalo mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Lakini kwa mwalimu neno hilo lina maana moja kote kuwili: ndiko aliko mwanafunzi ambaye nafasi yake darasani i tupu.

Ni jambo lisilopingika kwamba kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, kuliwafungulia watoto wengi milango ya shule. Tunajivunia jambo hilo. Hata hivyo, penye machimbo familia huja na kuondoka kwa kuifuata dhahabu, na mwalimu hawezi kujua leo atafundisha watoto wangapi mwezi ujao. Kiwango cha Serikali katika shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu 1. Akisahihisha kila daftari kwa dakika 2, humaliza kwa muda wa saa moja na nusu. Wakiwa 90, saa tatu nzima hupita, naye bado hajaandaa somo la kesho.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii si ugonjwa, bali ni matokeo ya msongo wa kazi usiodhibitiwa. Nguvu humwishia mtu, moyo wake hujitenga na kazi, na ufanisi hupungua. Kwa hiyo basi, tusiuite uvivu.

Yapo ambayo mwalimu mwenyewe aweza kuyafanya. Baadhi ya mazoezi yasahihishwe darasani, watoto wakibadilishana madaftari. Aweke saa ya kufunga kazi na kuilinda. Mashaka yake asiyafungie moyoni, bali amshirikishe mwenzake. Wala hasira ya mchana asiimalizie kwenye fimbo, maana fimbo haimrudishi mtoto kutoka mwaloni, humkimbiza zaidi.

Lakini kumhimiza avumilie peke yake ni kumtwika mzigo wa pili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kazi za hatari kwa watoto, uchimbaji wa madini ukiwa mojawapo. Kuisimamia ni wajibu wa mtendaji wa kijiji, wa mzazi na wa mwenye duara, kabla ya kuwa wa mwalimu. Halmashauri nazo hazina budi kupeleka walimu kwa kuwahesabu watoto waliopo, si walioandikishwa mwaka uliopita. Kujenga nyumba za walimu. Na kuhakikisha kwamba stahili zao zinalipwa kwa wakati.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kiongozi anayeuona mzigo huu mwepesi na akae jioni moja tu na madaftari 90, kisha asubuhi asimame mbele ya watoto wale wale akiwa na uso mkunjufu.