Elfu hamsini kwa mwezi, au aya moja iliyoandikwa vizuri?

Dada yangu anafundisha darasa la IV katika shule ya serikali nje kidogo ya mji wa Morogoro. Juzi kati alinipigia simu saa tatu usiku, na salamu aliziruka. "Mdogo wangu, hii akili unde ya kulipia ina faida kweli, au ni kula hela za watu tu?" Mwalimu mwenzake alikuwa amelipia, na ofisi nzima ya walimu sasa inajiona imeachwa na basi.

Tulianza na hesabu. ChatGPT Plus na Claude Pro, kwa bei ya Marekani, ni dola 20 kwa mwezi. Kifurushi cha Google kinachofungua Gemini yenye nguvu kuliko ya bure kimekuwa dola 19.99, yaani ni kulekule. Dola ikiwa kwenye shilingi 2,500, hiyo ni elfu hamsini. Ikiwekewa VAT ya asilimia 18, inafika 59,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000, kwa hiyo anayelipwa kima hicho angetoa sehemu ya kumi ya mshahara wake kila mwezi, kabla hajagusa kodi ya nyumba wala nauli. Dada anapata zaidi ya hapo, lakini ana mkopo wa benki, na sijui mwalimu asiye nao.

Kuna na usumbufu wa kulipa kwenyewe. Kampuni hizi kwa kawaida zinataka kadi. Asiye na kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni atatengeneza kadi ya mtandaoni ndani ya huduma ya pesa kwenye simu, ataweka salio, na atakatwa kwa kiwango cha kubadilisha fedha ambacho hakukichagua yeye. Na malipo hujirudia yenyewe kila mwezi mpaka uyasitishe.

Njia ya bure ipo, na wengi wanaidharau. ChatGPT, Gemini, Claude na Copilot zote zina mlango usiolipiwa. Unapewa kiasi fulani cha ujumbe. Ukikimaliza unaambiwa urudi baadaye au unateremshwa kwenye modeli ndogo. Mwalimu anayeandaa vipindi viwili vitatu kwa siku hafikii ukomo huo kwa urahisi, labda awe anazunguka: anauliza, anapata kisichofaa, anauliza upya, anapata kingine kisichofaa. Mizunguko hiyo ndiyo inayomaliza ujumbe wa bure, kisha mtu anaamini kwamba kinachomkwamisha ni kutolipia.

Bando si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Mazungumzo ya maandishi ni mepesi. Jioni nzima ya majaribio yetu haikufika MB 30, na sehemu kubwa ya hizo nadhani ilikwenda kwenye kufungua kurasa. Video moja ya kuchekesha kwenye kundi la familia inakula zaidi.

Njia nyingine ni kununua maandalio yaliyokwisha kuandikwa, yale yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Dada alitajiwa shilingi 5,000 kwa maandalio ya muhula mzima. Kwa bei hiyo mtu anashawishika. Tulipoomba kurasa mbili za kuonja, tukakuta jina la shule ya mkoa mwingine juu ya ukurasa, na mpangilio wa muhtasari wa zamani. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, ukianza na elimu ya awali, darasa la I na la III, kisha unapanda darasa kwa darasa. Andalio la kununua linaweza kuwa zuri na bado likawa la mtaala uliokwisha kuondoka. Siku hizi kuna pia wanaouza mafaili ya "prompti 500 za mwalimu", yaani maagizo ya kuziandikia zana hizi. Hizo ni funguo 500 za nyumba za watu; sitapoteza nafasi hapa.

Basi tukafanya jaribio. Tulichukua zana mbili za bure na moja ya kulipia (ya yule mwenzake, aliyekubali tukae naye jioni moja). Sizitaji majina, kwa sababu wiki ijayo zitakuwa zimebadilishwa na nitakuwa nimezisingizia. Tulianza na agizo ambalo walimu wengi huandika, neno kwa neno kama dada alivyozoea: "Niandikie andalio la somo la sehemu darasa la nne."

Zana ya kwanza ya bure ilileta somo la sehemu za mmea: mizizi, shina, majani. Tulicheka, lakini haikukosea. Kwa Kiswahili "sehemu" ni kipande, ni mahali, na ndani ya kitabu cha Hisabati ni 3/4. Hakuna aliyeiambia kwamba tuko kwenye Hisabati. Zana ya pili ilipatia somo, ila ikaweka pizza mezani, kadi za rangi kwa kila mtoto, makundi ya wanafunzi wanne na kipindi cha saa nzima. Ya kulipia ndiyo iliyoandika kwa madaha kuliko zote: kurasa nne, vichwa vya habari vimekolezwa, na pendekezo la kuonesha video. Shule haina projekta, na darasa lina wanafunzi 87. Ukiwagawa wannewanne unapata makundi 22, na nafasi iliyopo haitoshi hata mwalimu kupita katikati yao.

Hapo ndipo nilipoona elfu hamsini inanunua nini. Inanunua ujumbe mwingi zaidi, mafaili makubwa zaidi, na modeli inayofikiri vizuri zaidi. Idadi ya watoto wa dada haimo kwenye kifurushi chochote.

Tukaandika upya. Nalinakili agizo lote, maana magazeti yana tabia ya kusema "andika agizo bora" kisha yakanyamaza:

"Mimi ni mwalimu wa Hisabati darasa la IV katika shule ya serikali Tanzania. Nina wanafunzi 87, ubao, chaki na vitabu vichache. Hakuna umeme darasani. Kipindi ni dakika 40. Andaa andalio la kufundisha kulinganisha sehemu zenye asili moja, kama 2/7 na 5/7. Sehemu hapa ni ya kihisabati: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Hapa chini nimenakili umahiri mahususi na shughuli za kujifunza kutoka kwenye muhtasari. Usiongeze umahiri mwingine. Tumia vitu vinavyopatikana kijijini bila kununua. Wanafunzi wengi hudhani 5/7 na 5/9 ni sawa kwa sababu kiasi ni kilekile. Weka swali moja la kufichua kosa hilo. Toa mazoezi matano yenye majibu. Kuna jambo usilolielewa? Niulize kabla hujaandika."

Dakika kumi na mbili kuandika kwenye simu, kwa kidole kimoja. Lakini zana zote tatu zilileta kitu cha kuingia nacho darasani, na tofauti kati ya ya bure na ya kulipia ikapungua mpaka dada akaanza kuzichanganya. Moja ilipendekeza kamba iliyofungwa mafundo saba, iliyoshikwa na watoto wawili mbele ya darasa, na wengine wahesabu kwa sauti. Dada alisema hiyo angeifanya kesho yake, na akaifanya.

Ukiniuliza ni sentensi ipi iliyofanya kazi kubwa, nitakuonesha ile ya kosa la wanafunzi. Hiyo mashine haiwezi kuibuni, kwa sababu haijasahihisha daftari hata moja la darasa hilo. Dada amesahihisha maelfu. Mwalimu anayeandika agizo fupi anaiacha miaka yake ya kufundisha nje ya mlango, kisha anashangaa jibu linafanana na la mtu aliyeanza kazi jana. La pili kwa thamani ni kipande cha muhtasari. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo; kunakili aya moja na kuibandika hakuhitaji kulipia chochote.

Lugha ni jambo la kuangalia kwa jicho kali. Modeli hizi zimelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, na maneno yetu huyakatakata vipande vingi zaidi. Kwa anayelipa kwa kila kipande, kama watengenezaji wa programu wanavyofanya, Kiswahili ni ghali zaidi kwa ujumbe uleule. Kwa mwalimu gharama inatokea kwingine: kwenye kusahihisha. Zana moja ya bure ilituandikia "vipande tatu". Nyingine, kabla hatujaitajia neno "asili", iliita namba ya chini "dhehebu", na nikapata picha ya watoto 87 wakiulizwa dhehebu la robo. Ya kulipia ilikuwa safi zaidi hapa, nakiri. Lakini mara tulipoweka istilahi zetu ndani ya agizo, zile za bure nazo zilinyooka. Ushauri wa kuandika agizo kwa Kiingereza ili upate jibu la Kiswahili tuliujaribu pia: jibu lilipangika vizuri, ila lilinuka tafsiri. Kwa shule ya msingi ningeandika kwa Kiswahili. Anayefundisha sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, aandike kwa Kiingereza.

Kuna gharama isiyo ya fedha. Mwalimu mmoja alitaka kubandika orodha ya alama za darasa, majina kamili, ili zana imwandikie maoni ya ripoti. Tulimzuia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na majina ya watoto si ya kumwagwa kwa kampuni iliyo ng'ambo. Andika "mwanafunzi A, B, C", na jina ulijaze mwenyewe baadaye. Ingia pia kwenye mipangilio utafute kitufe cha kuzuia mazungumzo yako yasitumike kufundishia modeli. Na wazo la walimu watano kuchangia elfu kumikumi kwa akaunti moja, ambalo lilikuja mapema sana kwenye kikao chetu, lina kasoro: masharti ya huduma hizi kwa kawaida yanakataza kugawana akaunti, na kila mmoja ataona mazungumzo ya mwenzake.

Muda nao tuliupima. Kuandika kwa mkono, dada hutumia dakika 50 kwa andalio moja. Kwa agizo la mstari mmoja jibu lilikuja papo hapo, kisha likachukua dakika 40 za kurekebisha. Faida hapo ni ndogo. Kwa agizo refu, dakika 12 za mara ya kwanza na kama 10 za kukagua, pamoja na kuyafanya mwenyewe yale mazoezi matano. Kipindi kilichofuata kilichukua dakika tatu za kuandika, kwa sababu wanafunzi ni walewale na ubao ni uleule. Tulibadilisha mada na aya ya muhtasari tu. Ila shule ikidai andalio liandikwe kwa mkono ili mthibiti ubora alikute kwenye daftari, ongeza muda wa kunakili, na akiba yote inaweza kwisha hapo.

Nani basi alipie? Mwalimu wa taaluma anayepanga maazimio ya kazi ya shule nzima Januari, mwenye mafaili marefu ya kupakia, anaweza kulipia mwezi mmoja na kusitisha kabla ya tarehe ya kukatwa tena. Anayetunga mitihani ya kata naye, labda. Mwalimu wa darasa moja, sioni sababu.

Dada hakulipia. Alinunua kaunta buku, akaandika lile agizo ukurasa wa kwanza kwa kalamu nyekundu, na ukurasa wa pili akaanza kuorodhesha makosa ambayo watoto wake huyarudia. Mara ya mwisho nilipompigia alikuwa amefika kosa la kumi na tisa, na lile la mwisho lilihusu kuandika saa.