Mkonga wa Mbugani, Injini ya Shangingi

Wana, hii stori ni ya moto kitaa kuanzia Binza mpaka Bariadi mjini: mkonga wa klachi, yaani Land Cruiser 70, unavuliwa injini yake ya 1HZ, unafungwa injini yenye tabo pamoja na gia boksi ya otomatiki iliyotoka kwenye shangingi. Kuna masela wanadai ni kujimwambafai tu, eti dogo anataka aonekane bosi mnadani. Nawakatalia. Huu ni mchongo wa maana kwa mtu anayeishi kwenye tope, ila ukienda nao kichwa kichwa utateketeza mkwanja na chuma kitabaki juu ya mawe.

Anza na ardhi. Mbuga zetu za Simiyu ni udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, masika unajibandika mpaka huoni tena kashata za tairi. Lami ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi ni freshi kinoma, unateleza mpaka ziwani, unapiga sato, jioni upo home. Lakini pamba hailimwi kwenye lami. Ukishaiacha barabara kuu kufuata mzigo kijijini, gari ya klachi ikifika katikati ya tope inakutana na msala: ile sekunde unayokanyaga klachi ubadili gia, nguvu inakatika, matairi yanasimama, chuma kinazama. Otomatiki haina huo mwanya. Kwenye tokonveta nguvu inapita ndani ya mafuta, gia zinabadilika huku matairi yanaendelea kuzunguka, polepole, bila kukurupuka.

1HZ yenyewe naiheshimu sana. Toyota waliitoa mwaka 1990, dizeli ya silinda sita, haina tabo, haina kompyuta, na fundi anaishusha chini ya mwembe akiwa na spana za kawaida tu. Shida yake ni pumzi: farasi kama 130 kwa gari nzito vile, ukiijaza watu na mizigo inalia. Sasa mwaka huohuo wa 1990 Toyota waliweka 1HD-T kwenye Land Cruiser 80. Hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zote zina ujazo wa cc 4,164, pistoni ya milimita 94, mwendo wa milimita 100. Tofauti ni tabo na namna dizeli inavyopulizwa ndani, na hapo farasi wanapanda mpaka kama 165. Kwa kuwa bloku ni za ukoo mmoja, injini inakaa kwenye chasisi ya mkonga bila vita kubwa. Mwanangu anayeng'ang'ania kufunga mashine ya Toyota kwenye Land Rover 110 hana hiyo bahati, yeye lazima achongewe bati la kuunganisha injini na gia boksi, na likipinda kidogo tu gari inatetemeka maisha yake yote.

Kuna wanaoitaka 1HD-FTE ya Land Cruiser 100, ile ya 1998, farasi kama 200. Mnyama kweli. Ila pampu yake ya dizeli inaongozwa kwa umeme, na waya mmoja ukizingua huko mbele ya Meatu utalala na fisi. Kwa hapa kwetu kura yangu naipa 1HD-T. Na ukiipata, usiifunge hivyo hivyo: zile za mwanzo zina ugonjwa wa beringi za konrodi kuisha mapema. Fungua sampu, badilisha beringi injini ikiwa bado ipo chini. Ni kazi ndogo pale, na ni kilio ikishapanda.

Gia boksi sasa. Kwenye 80 utakutana na A440F, gia nne, inayobadilisha kwa presha ya mafuta na kebo inayotoka kwenye eksileta. Ipo pia A442F, gia nne vilevile, ila hii inataka kontroli boksi na sensa zake. Hapa ndipo wana wengi wanaingizwa mjini. Mtu ananunua injini Mwanza, gia boksi inakuja kivyake kutoka Dar, kontroli boksi anaahidiwa wiki ijayo. Wiki ijayo haifiki. Nunua seti iliyotoka kwenye gari moja: injini, gia boksi, transfa, waya zote, kontroli boksi, liva, hata boliti. Stata iangalie ni ya volti 12 au 24 kabla hujatoa mshiko.

Siku ya kufunga, simama karibu uangalie kitu kimoja. Tokonveta inasukumwa kwenye gia boksi huku ikizungushwa kwa mkono, na inashuka kwa hatua, unaisikia kabisa ikidondokea kwenye meno, tena na tena, mpaka ikae chini kabisa. Fundi mwenye akili anaweka rula kupima imezama kiasi gani. Injini na gia boksi zikishakutana, tokonveta lazima bado izunguke kwa vidole, ikiwa na upenyo mdogo kabla ya kukazwa. "Ng'wanawane, boliti isitumike kuvuta," ndivyo mafundi wakongwe wanavyofundisha madogo. Ukilazimisha kwa spana, unaponda pampu ya mafuta ya gia boksi, na utajua siku ya kuwasha, gari ikikataa kuondoka.

Baada ya hapo ni kazi ya vipimo: krosimemba inasogezwa, propela zinakatwa au kurefushwa halafu zinapigwa balansi, pedeli ya klachi inatolewa. Usibanie hela ya rejeta ndogo ya kupoza mafuta ya gia boksi. Tope la mbuga linachemsha otomatiki kuliko safari yoyote ya lami, na mafuta yakiungua, gia boksi imekufa. Vile vibomba vya kupumulia vya gia boksi na difu vipandishe juu usawa wa lile bomba la hewa la mkonga, maana ukivuka mto maji yanaingia humo na mafuta yanageuka rangi kama maziwa. Na betri iwe ya uhakika. Hii haisukumwi ikawaka.

Usisahau karatasi. Ujazo ni uleule wa cc 4,164, lakini namba ya injini imebadilika, na kadi ya gari inasoma ya zamani. Nenda TRA urekebishiwe taarifa, uwaambie na watu wa bima. Ukipata ajali namba zikiwa hazifanani, utajieleza mpaka uchoke.

Wanaocheka otomatiki porini wajue Toyota wenyewe mwaka 2023 waliitoa Land Cruiser 70 yenye injini ya 2.8 na otomatiki ya gia sita. Madogo mnaosoma ufundi VETA, ifungueni gia boksi ya otomatiki mkiwa bado chuoni, msiiogope, kazi zake zinakuja. Na wewe mwenye injini tayari uani lakini gia boksi yake hujaipata, usianze kushusha 1HZ. Endelea kula nayo mpaka seti itimie.