Kuteremsha Gari Bila ya Kuliharibu

Mtu apitaye Khuwair au Hail usiku wa Alkhamisi hahitaji kuuliza vijana wetu wanashughulika na nini. Magari ya spoti yamejipanga mbele ya mikahawa, na mengi yao yameteremshwa hata bampa ikakaribia kugusa lami. Wazee wengi huliona jambo hili kuwa ni utoto mtupu. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja, kwani gari kuwa chini kuna maana yake. Linalotutia khofu ni namna kazi hiyo inavyofanywa katika baadhi ya gereji, maana gari lile lile la usiku ndilo ambalo mchana wa Ijumaa humchukua mama na watoto kwenda Nizwa au Sur.

Tuanze na faida yake. Gari lipindapo kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na kadiri kitovu cha uzito kilivyo juu ndivyo uzito mwingi zaidi unavyohama. Tairi iliyoelemewa huchoka upesi, na ile ya pili yake hubaki ikielea bila ya kazi. Gari likishuka, tairi zote nne hugawana kazi vizuri zaidi. Lakini gari la mashindano hukimbia juu ya lami iliyo sawa kama meza. Halijui matuta ya mitaani kwetu, wala halijui barabara inayotumbukia ndani ya wadi na kupanda tena upande wa pili.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Tuseme gari lilitoka kiwandani na nafasi ya sentimita 7 za gurudumu kupanda kabla ya kugonga raba ya kikomo. Ukiliteremsha kwa sentimita 5, umebakisha 2 tu. Dereva peke yake huenda asihisi kitu ila ugumu kidogo. Watie watu wawili nyuma na mizigo, na zile sentimita 2 zimekwisha kabla ya safari kuanza. Raba ikishagongwa, springi haifanyi kazi tena. Gari huwa kama mkokoteni. Jambo hilo likitokea katikati ya kona, tena kwa upande wa nyuma, tairi hupoteza mshiko ghafla na mkia wa gari hutoka. Katika mteremko wa Akaba ya kutoka Bausher kwenda Amerat, hapana nafasi ya kulirudisha.

Ipo na khatari nyingine ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Magari mengi, pamoja na Toyota GT86 wanayoipenda vijana, yana mguu wa mbele wa namna aliyoivumbua Mmarekani Earle MacPherson, ulioenea tangu Ford walipoutumia katika magari ya Consul na Zephyr mwaka 1950. Chini ya mguu huo upo mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Maadamu mkono huo umelala sawa, au ncha yake ya upande wa gurudumu imeshuka kidogo, mambo ni salama. Gari likishushwa mno, ncha hiyo huelekea juu, na kile kitovu ambacho bodi huzungukia hushuka haraka kuliko uzito wenyewe. Matokeo yake ni kinyume cha alichokitaka mwenye gari: bodi hutaka kulala zaidi kwenye kona, na usukani huvutwa huku na huku kila gurudumu linapopita shimo. Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari ukautazame mkono huo. Wenyewe utakwambia uishie wapi. Kwa magari mengi ya barabarani, sentimita 2 na nusu hadi 3 zatosha.

Ama kukata springi kwa msumeno, au kuichoma kwa moto ili ikae, hilo hatulioni kuwa ni ufundi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja, huwa ngumu zaidi kwa sehemu moja katika tano. Ukikata miwili, ugumu huongezeka kwa nusu nzima. Ncha iliyokatwa haikai vyema katika kikombe chake, na gari likiinuliwa kwa jeki au likiruka tuta, springi yaweza kuchomoka mahali pake. Moto nao huua ugumu wa chuma, na springi huendelea kushuka miezi baada ya miezi.

Springi fupi za kiwandani, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lile lile, ni jambo jingine. Hata hizo zahitaji shokapu za kulingana nazo. Ugumu wa springi ukiongezeka kwa asilimia 30, shokapu inahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 14 hivi, ama sivyo gari litaruka-ruka kama dau katika kusi. Shokapu kuukuu zilizokwisha choshwa na joto la Maskati ndizo aghalabu zinazolaumiwa kwa makosa ya springi. Mwingereza Colin Chapman, aliyeasisi Lotus, alijulikana kwa magari yaliyopinda vizuri kuliko ya wenzake ilhali springi zake zilikuwa laini. Shokapu ndizo alizozifanyia kazi. Kijana anayesema gari gumu ndilo gari zuri na alikumbuke hilo.

Fundi akimaliza kufunga, kuna jambo la dakika chache ambalo wengi huliruka. Raba za mikono ya chuma lazima zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Zikikazwa hewani, hubaki zimesokotwa daima na hukatika mapema. Halafu magurudumu yapimwe upya, maana kila gari lishukapo pembe zake hubadilika. Tairi isiyopimwa huliwa upande wa ndani, usioonekana na aliyesimama kando. Tumeziona tairi za namna hiyo huko Wadi Kabir: nje mpya, ndani nyuzi za waya. Pitisha mkono wako huko ndani kila mwezi, tairi ikiwa imepoa. Taa za mbele nazo zirekebishwe.

Sheria ya Oman hairuhusu kubadili gari bila ya idhini ya Polisi, basi idhini itafutwe kabla ya kazi, si siku ya kukaguliwa kwa ajili ya mulkia. Na kampuni ya bima ijulishwe pia.

Mwisho, gari lisijaribiwe na kijana peke yake usiku. Liwekwe watu nyuma na mizigo kama ya safari, lipitishwe taratibu juu ya matuta ya mtaani, kisha ipimwe nafasi iliyobaki baina ya tairi na bodi. Ikiwa raba inagonga kwa mwendo huo mdogo, springi zile za kiwandani zirudishwe kabla ya safari ya Sur.