Toa Betri Kwenye Friza

Swali limekuja tena. Safari hii limeletwa na kijana anayerekodi send-off na harusi huko Tabata kwa kamera ndogo ya mfukoni. Betri inakata kabla ndafu haijaingia ukumbini, na kuna fundi aliyemshauri aifunge kwenye mfuko wa nailoni, ailaze kwenye friza hadi asubuhi ili “seli zijikusanye upya.” Nimeshaulizwa hivyo na wahubiri, na wanafunzi wa uandishi wa habari, na hata muuzaji wa kamera Kariakoo ambaye kwa kazi yake alipaswa kunijibu mimi. Jibu ni hapana. Kwa kuwa hapana ya mdomo haijasaidia, sasa naiandika.

Kwanza igeuze betri usome maandishi yake. Kamera za Sony za familia ya RX100, pamoja na ZV-1, zinatumia betri ya NP-BX1: volti 3.6, mAh 1240, wati-saa 4.5. Canon G7 X Mark III inatumia NB-13L yenye mAh 1250, karibu kiasi kile kile. Kampuni hizi zinashindana, lakini mfuko wa suruali zinaougombea ni mmoja, na ukubwa wake ndio unaoamua. Namba ya kushika ni ile ya wati-saa. Kamera inayokula wati 4 mfululizo itazimaliza wati-saa 4.5 kwa saa moja na dakika chache, uwe umeichaji juu ya kabati au mbele ya altare. Sony wenyewe wanaandika kwamba ZV-1 hurekodi takriban dakika 45 kwa matumizi ya kawaida, yaani kuwasha, kuzima na kuvuta zumu humo humo. Si siri hata kidogo. Imo kwenye maelezo ya kamera, karatasi ambayo mteja huitupa pamoja na boksi.

“Mbona wameandika picha 260?” Ndiyo, wameandika. Kipimo hicho ni cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, na utaratibu wake ni kupiga picha moja kila baada ya sekunde 30. Video ya 4K ni fremu 25 kila sekunde, kila fremu ina vitone zaidi ya milioni 8. Fanya hesabu: vitone zaidi ya milioni 200 kwa sekunde moja visomwe, vibanwe, viandikwe kwenye kadi, huku skrini ikiwaka na mota ya lenzi ikihangaika kuifuata sura ya bibi harusi. Betri inayokwisha ndani ya saa moja kwa kazi hiyo ni nzima. Haihitaji dawa.

Sasa tuje kwenye friza.

Dawa hii ina asili, na asili yake ni betri nyingine kabisa. Kamera za video za miaka ya 1980 zilitumia sana betri za nikeli-kadmiamu, na baadaye zikaja za nikeli-haidraidi. Betri za nikeli hupoteza chaji hata zikiwa zimekaa tu, na baridi hupunguza kasi ya upotevu huo. Kwa hiyo walikuwepo watu waliozihifadhi kwenye friji, na walikuwa na sababu. Lakini angalia walichokuwa wanafanya: walikuwa wanatunza chaji iliyokwisha kuingia. Hakuna aliyekuwa anaponya betri iliyochoka. Sony iliingiza betri za lithiamu-ioni sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozaa betri hizo. Kemia imebadilika zaidi ya miaka thelathini sasa. Ushauri wa mtaani bado uko kwenye nikeli, na umeharibika zaidi njiani, kwa kuwa kilichokuwa kuhifadhi kimegeuzwa kuwa kutibu.

Najua utakachoniambia: “Mimi niliiweka, na asubuhi ikawaka.” Nakuamini. Iliwaka kweli, na hapo ndipo penye mtego wenyewe.

Betri ya lithiamu inapozeeka, upinzani wa ndani yake huongezeka. Ni sawa na tangi lenye maji ambalo bomba lake limejaa kutu: maji yapo, lakini ukifungua koki zote kwa pamoja yanatoka kwa kudondoka. Ukianza kurekodi, ukavuta zumu, ukaongeza mwanga wa skrini, kamera inadai umeme mwingi kwa wakati mmoja na volti za betri hiyo chakavu zinaporomoka. Kamera haina jicho la kuona ndani ya betri. Sehemu kubwa ya makadirio yake inategemea volti, na zikishuka chini ya kiwango chake inazima, hata kama dakika moja kabla ilikuwa inakuonyesha nusu. Ukiipumzisha betri, volti zinapanda tena zenyewe. Unairudisha kwenye kamera, alama ya nusu inatokea tena, unashangilia. Baada ya dakika chache za kurekodi inakata tena, lakini hiyo sehemu ya pili ya ushuhuda huwa haisimuliwi.

Kilichofanya kazi usiku ule ni mapumziko. Iache betri hiyo hiyo kwenye droo ya meza hadi asubuhi, utapata “uponyaji” ule ule bila kuichanganya na samaki. Kama ungepima muda wa kurekodi mfululizo kwa saa ya ukutani, badala ya kutazama alama kwenye skrini, ungeliona hilo siku ya kwanza.

Halafu friza si dawa isiyo na madhara. Betri yenye baridi kali ina upinzani mkubwa zaidi, kwa hiyo ukiitumia ikiwa bado ya baridi itafanya vibaya kuliko ulivyoiacha. Ukiitoa kwenye hewa ya Dar es Salaam, unyevu unafanya matone juu yake papo hapo, kwenye ncha zake za umeme, kisha unaisukuma ndani ya kamera yenye saketi. Kubwa kuliko yote: kuchaji seli ya lithiamu iliyo chini ya nyuzi 0 hufanya lithiamu igande kama chuma ndani yake badala ya kuingia mahali pake. Uwezo unaopotea kwa njia hiyo haurudi, na chuma hicho kinaweza kuleta shoti ya ndani. Kwa hiyo kijana anayeitoa betri kwenye friza na kuipachika kwenye chaja kwa sababu ukumbi unamsubiri anaiua kwa mkono wake.

Ni kweli kwamba betri ya lithiamu huzeeka polepole zaidi mahali pasipo na joto. Chumba chenye kivuli kinatosha. Adui wa kweli ni dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, na huko ndiko ninakoziona betri hizi zikiwa zimejipanga kama mihogo inayoanikwa.

Mila nyingine mbili za wakati wa nikeli nazipitia haraka. Kuchaji betri mpya saa nane au usiku kucha “ifunguke”: chaja hukata yenyewe seli ikijaa, saa zinazobaki ni za bure. Kuimaliza mpaka sifuri kila mara ndipo uchaji: hiyo ilikuwa kwa nikeli-kadmiamu. Lithiamu ukiimaliza kabisa na kuiacha hivyo wiki nyingi, inaweza kushuka mpaka kinga yake ya ndani ijifunge na chaja iikatae. Ukitaka kuihifadhi, iache karibu nusu.

Na kabla ya kuilaumu betri, tazama imekata lini. Kamera ikiacha kurekodi dakika ya 29 na sekunde 59, huo ni ukomo uliowekwa kwenye kamera nyingi kwa sababu ya ushuru wa zamani wa Umoja wa Ulaya kwa vifaa vya kurekodi video. Bonyeza tena, uendelee. ZV-1 ikizima karibu dakika ya tano ya 4K, ni joto: ingia kwenye mpangilio wa kuzima kwa joto, uuweke kiwango cha juu.

Ufanye nini basi? Nunua betri mbili za akiba, uandike tarehe ya kununua kwa kalamu, na ile inayoonyesha nusu kisha kukata ghafla uistaafishe. Usinunue ya umbo lile lile iliyoandikwa mAh 2600. Kampuni iliyobuni umbo hilo imefika 1240, na muuza betri wa dirishani hana kemia ambayo Sony haiijui. Rekodi 1080 badala ya 4K kama mteja ataitazama kwenye simu. Zima waifai na Bluetooth, punguza mwanga wa skrini, zima kituliza-mtikisiko kamera ikiwa kwenye stendi. Usiizime kamera kwa kila pumziko la dakika moja, maana lenzi kuingia na kutoka nako kunakula chaji. Kwa hotuba ndefu tumia pawabenki: ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74, na hata zikipotea nyingi njiani bado ni betri nyingi za mfukoni. Ila hakikisha kwanza kwamba kamera yako inakubali kulishwa kwa waya huku ikirekodi. Nyingine huchaji zikiwa zimezimwa tu.

Betri iliyovimba usiichaji, usiitoboe, usiisukume kwa nguvu ndani ya kamera. Na fundi akikuambia anaweza kuinyoosha, chukua kamera yako uondoke.