Nairobi hadi New York: Saa 15 Angani, Saa Saba Kwenye Tikiti

Mzee wa Mombasa akipewa tikiti ya kwenda kuwaona wajukuu New York, jambo la kwanza linalomchanganya ni saa. Tuseme ndege inaondoka Nairobi 23:30, saa tano na nusu usiku, na inafika 06:30, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukihesabu hivyo ni saa saba. Lakini angani atakaa kama saa 15.

Tikiti huandika saa ya mji unaotoka, kisha saa ya mji unaofika. New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, na kwa saa saba kuanzia Machi hadi mapema Novemba, wanaposogeza saa zao mbele.

Umbali ni karibu kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja Oktoba 2018; kabla ya hapo ilikuwa lazima ubadilishe ndege njiani. Kurudi huchukua kama saa 14, kwa sababu huko juu upande wa kaskazini mwa dunia kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Sisi tuliokua na kaskazi na kusi hatuhitaji maelezo zaidi. Kwa msafiri wa Mombasa, ongeza treni ya karibu saa tano, na saa tatu au zaidi za kusubiri uwanjani.

Penye hatari ni dawa. Kwenda magharibi siku hurefuka: badala ya saa 24 huwa 32. Anayedunga insulini au anayemeza dawa za presha akifuata saa ya ukutani tu, dozi moja itachelewa saa nane nzima. Amwone daktari wiki kadhaa kabla, apangiwe dozi kwa saa zinazopita. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Na asiketi tu safari nzima. Ainuke, anyooshe miguu, kwani kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni.

Kisha kuna siku yenyewe. Wazee wetu wakisema "usiku wa Ijumaa" humaanisha ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua. Tikiti haijui hilo. Ijumaa 23:30 ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa 00:30 ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hivyo treni ipandwe Alhamisi. Anayengoja Ijumaa jioni atakuta ndege imeshaondoka. Mwandikieni mzee siku na saa kwa Kiswahili, kwenye karatasi yake mwenyewe, na mwenyeji wa kule atumiwe tarehe ya kufika kwa saa ya New York.