Titi Likiwasha, Maziwa Yamekuja?

Kichanga akifiwa na mama yake, iwe Kilole pale Korogwe mjini au vijijini upande wa Handeni, mara nyingi anayebaki naye ni bibi au mama mdogo. Sehemu nyingi za Afrika walezi wa namna hiyo wamewahi kumweka mtoto titini na maziwa yakatoka, hata kwa mwanamke aliyenyonyesha mara ya mwisho miaka mingi nyuma. Derrick Jelliffe, aliyefundisha udaktari wa watoto Makerere miaka ya 1960, aliandika kuhusu jambo hili pamoja na mkewe Patrice, na mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapendekezo ya namna ya kulifanya.

Kinachowavunja moyo wengi ni kuusoma mwili vibaya. Leo titi linauma, kesho kimya, basi mlezi anasema maziwa yamekataa.

Hisia zake haziwezi kufanana na za mzazi. Titi la mjamzito huandaliwa kwa miezi na homoni za kondo la nyuma. Kondo likitoka, projesteroni hushuka ghafla, na siku ya pili au ya tatu maziwa hujaa hadi titi linakuwa gumu na la moto. Bibi hana kondo la kutoka. Kwake kazi inaanzia kwenye mdomo wa mtoto: chuchu ikinyonywa, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni, na tezi ya pituitari hutoa prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma nje. Ndiyo maana anatakiwa kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, tena kwa wiki kadhaa. Ile siku ya kujaa huenda asiione kabisa.

Mwanzoni huja maumivu ya chuchu, na pengine uzito kama wa siku za kabla ya hedhi. Maumivu yasiyoisha mtoto anaponyonya kwa kawaida ni ya ukamataji mbaya: mdomo umeshika chuchu tupu badala ya kumeza na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Baadaye oksitosini inapokaza misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa, wengine huhisi kuchomachoma kama mguu unaotoka ganzi. Titi la pili hudondosha, kiu hubana, tumbo la chini nalo linakaza, maana homoni hiyohiyo hukaza mji wa mimba. Wengine hawahisi lolote, na wananyonyesha vizuri tu.

Halafu kuna msiba. Bibi aliyemzika binti yake juzi ana majonzi yanayoweza kuizuia oksitosini kwa muda. Maziwa yapo, ila hayashuki. Kwa maoni yangu, ndugu wa kumpokea kuni na ndoo ya maji anamfaa kuliko jirani mwenye orodha ya mizizi.

Kabla ya yote, mlezi na mtoto wapimwe VVU, kwani virusi vinaweza kupita kwa maziwa, na mtoto mwenye VVU anaweza kumwambukiza mlezi kupitia chuchu iliyopasuka. Titi likiwa jekundu na gumu upande mmoja, na homa juu, hapo ni kituo cha afya.

Wakati maziwa yanasubiriwa mtoto haachwi na njaa. Mrija mwembamba wa plastiki huwekwa ncha moja ndani ya kikombe cha maziwa ambayo mlezi ameelekezwa na muuguzi, ncha ya pili kando ya chuchu, ili anyonye titi huku akishiba. Kikombe kikiinuliwa maziwa hukimbia. Kikishushwa, yanapungua kasi na mtoto anavuta kwa nguvu zaidi.

Dalili za maziwa ya titi zikionekana, jumla ya siku ya maziwa ya kikombe hupunguzwa mililita 50, kisha kiwango kipya kinashikiliwa siku chache. Mtoto akikojoa mkojo mweupe mara 6 au zaidi kwa siku, na mizani ya kliniki ikionyesha ameongeza angalau gramu 125 kwa wiki, zinapunguzwa 50 nyingine, hata kama titi halijawahi kuwasha.