Stendi ya pikipiki ya kasi: Kosa dogo katika uteuzi huzaa hasara kubwa

MTU aliyezoea bodaboda hupigwa na butwaa siku ya kwanza anapotaka kupaka mafuta mnyororo wa pikipiki ya kasi. Huitafuta kwa mguu ile stendi ya katikati inayoisimamisha pikipiki wima na kuliacha gurudumu la nyuma likielea, asiione. Kilichoko ni stendi ya pembeni pekee, ambayo huiacha pikipiki imeegemea upande wa kushoto, magurudumu yote mawili yakiwa yamekanyaga ardhi.

Kutokana na upungufu huo, wapo wanaoamua kutumia jeki ya gari chini ya ekzosi, na wapo wanaopanga matofali na vipande vya mbao. Mbinu hizo ndizo huishia kwa pikipiki yenye uzito wa takriban kilo 200 kuanguka ubavu, ikavunja plastiki za pembeni, kioo na klachi, au ikamlalia mwenyewe mguuni.

Suluhisho la tatizo hili ni kifaa kiitwacho stendi ya padoki. Hata hivyo, stendi hizi si za aina moja, na ile inayoifaa pikipiki ya jirani huenda ikaiharibu yako. Ni muhimu kwa hivyo mnunuzi aelewe anachokihitaji kabla ya kutoa pesa zake.

Asili yake

Watengenezaji huiondoa stendi ya katikati kwenye pikipiki za kasi kwa sababu mbili. Kwanza, ni chuma kizito, na katika pikipiki hizi kila kilo huhesabiwa. Pili, huning'inia chini ya injini, na pikipiki inapolazwa kwenye kona ingekwaruza lami na hata kumwangusha mwendeshaji.

Katika viwanja vya mashindano, padoki ni eneo ambalo timu huegesha magari yao na kutengenezea pikipiki. Mafundi wa huko walihitaji kifaa cha kuinua gurudumu kwa sekunde chache, kulibadilisha, au kulifunika kwa blanketi la umeme linalopasha tairi joto, ambalo huweza kufika nyuzi 80 au zaidi kabla ya mbio kuanza. Pikipiki za mashindano ya dunia ya MotoGP, yaliyochukua nafasi ya yale ya sentimita 500 za ujazo mwaka wa 2002, hazina hata stendi ya pembeni. Zisipokuwa mbioni, husimama juu ya stendi za padoki.

Kimsingi, kifaa hiki ni wenzo. Ni bomba la chuma lililokunjwa mithili ya herufi U, lenye magurudumu madogo mawili au manne. Fundi hukishikisha kwenye mkono wa nyuma, yaani kile chuma kirefu kinacholishikilia gurudumu, kisha huukandamiza mpini hadi ufike chini. Tuseme pikipiki ina kilo 200, na nusu ya uzito huo iko nyuma. Ikiwa mpini ni mrefu mara nne kuliko umbali kutoka kwa magurudumu madogo hadi mahali panapobeba pikipiki, nguvu inayohitajika ni kama ya kuinua kilo 25 tu. Ndiyo maana mtu mwenye umbo dogo huweza kuinua pikipiki kubwa, na ndiyo maana pia stendi yenye mpini mfupi humtoa mtu jasho bure.

Mpira au bobini

Swali la kwanza la mnunuzi linahusu mahali ambapo stendi itashika. Kuna stendi zenye vikanyagio vya mpira vilivyo na umbo la herufi L, ambavyo hukaa chini ya mkono wa nyuma. Ubora wake ni kwamba huifaa takriban pikipiki yoyote yenye mikono miwili, hata ile ndogo isiyo na mashimo maalum ya kufungia chochote. Kasoro yake ni kuwa mpira huweza kuteleza, hasa ikiwa mkono ni wa mviringo upande wa chini au una mafuta. Aidha, vikanyagio hivyo mara nyingi hukaa karibu na ekseli, na huweza kumzuia fundi kurekebisha mnyororo au kuchomoa gurudumu.

Aina ya pili ina ndoano zenye umbo la herufi V. Ndoano hizi hupokea bobini, vijiti vifupi vinene vyenye kiuno katikati, vinavyofungwa kwa bolti kwenye pande zote mbili za mkono wa nyuma. Bobini ikishaingia ndani ya ndoano, haina pa kutelezea. Kwa mmiliki ambaye pikipiki yake ina mashimo ya kufungia bobini, hii ndiyo njia iliyo salama zaidi, na gharama ya ziada ni ndogo.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Kipenyo cha hesi ya mashimo hayo hutofautiana. Vipimo vilivyoenea ni milimita 6, 8 na 10. Pikipiki nyingi za Yamaha hutumia milimita 6, nyingi za Suzuki milimita 8, ilhali Kawasaki ina matoleo ya milimita 8 na mengine ya 10. Isitoshe, bolti mbili za milimita 10 zaweza kutofautiana katika nafasi iliyoko kati ya mzunguko mmoja wa hesi na mwingine: moja milimita 1.25 na nyingine 1.5. Mkono wa nyuma aghalabu ni wa alumini, nayo alumini ni laini kuliko chuma. Bolti isiyo yake ikilazimishwa kwa spana, huila hesi yote, na mkono huo ni ghali mno kuliko stendi yenyewe. Kanuni ni moja: bolti iingie kwa vidole mizunguko kadhaa bila kukwama. Ikikataa, itolewe na kipimo kitafutwe upya.

Zenye mkono mmoja

Kuna pikipiki ambazo gurudumu la nyuma hushikiliwa upande mmoja tu. Honda VFR750F ya mwaka wa 1990 na Ducati 916 iliyoingia sokoni 1994 ndizo zilizoupa mtindo huu umaarufu mkubwa barabarani. Kwa pikipiki za aina hii, stendi ya kawaida haifai kitu, kwani upande mmoja hauna pa kushika. Zinahitaji stendi yenye chuma cha mviringo kinachoingizwa ndani ya ekseli iliyo wazi katikati. Unene wa chuma hicho na upande kinakoingilia hutegemea toleo.

Jina la kampuni pekee pia halitoshi. Ducati Panigale V4, kwa mfano, ilikuwa na mkono mmoja hadi toleo la 2025 lilipokuja na mikono miwili. Anayenunua pikipiki iliyokwisha kutumika ajue mwaka wake barabara kabla ya kuagiza stendi.

Gurudumu la mbele

Stendi ya mbele nayo ina sura mbili. Ya kwanza huinua kutoka chini ya shokomzoba za mbele. Ni rahisi kutumia na huruhusu gurudumu kutolewa, lakini kwa kuwa imeubeba uzito kupitia shokomzoba, haiwezekani kuzitoa shokomzoba zenyewe. Ya pili huingiza chuma katika tundu lililo chini ya shingo ya usukani, na kuziacha shokomzoba zikining'inia huru. Anayenuia kubadilisha sili za mafuta zinazovuja ahitaji hii ya pili, na apime tundu hilo kwanza kwa sababu ukubwa wake hutofautiana.

Kwa vyovyote vile, stendi ya mbele haitumiwi peke yake. Ya nyuma hutangulia kuwekwa, na huwa ya mwisho kuondolewa. Anayegeuza utaratibu huo huiacha pikipiki ikitegemea stendi ya pembeni huku mbele ikiinuliwa, na kuanguka huwa ni suala la muda tu. Kwa mwenye fedha za stendi moja pekee, ya nyuma ndiyo ya kununuliwa, kwani kazi ya mnyororo ni ya mara kwa mara: vitabu vingi vya mwongozo hutaka upakwe mafuta kila baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na mapema zaidi baada ya mvua au vumbi.

Fundi wa jua kali

Si lazima stendi iagizwe kutoka ng'ambo. Fundi wa jua kali anayejua kazi yake, awe Kamukunji au Gikomba, aweza kuitengeneza. Hata hivyo, mteja asimwachie fundi kila kitu. Bomba liwe na ukuta mnene usiobonyea, na lipindwe zima badala ya kuungwa vipande kwenye kona. Mahali palipochomelewa pazunguke bomba lote, pasiwe na matundu wala madoa machache ya kushikiza tu. Upana uweze kurekebishwa, na pande zote mbili ziwe na kimo sawa; tofauti ya nusu sentimita hutosha kuiinamisha pikipiki. Stendi mpya ijaribiwe kukiwa na watu wawili.

Vilevile sakafu itazamwe. Magurudumu madogo ya plastiki hufanya kazi vyema juu ya saruji laini. Kwenye murram hudidimia, na kwenye kabro hunasa katika nafasi kati ya tofali na tofali. Asiye na saruji atandike ubao mpana, tena mahali tambarare.

Namna ya kuitumia

Anayejifunza awe na msaidizi wa kushika usukani. Pikipiki husimamishwa wima, stendi ya pembeni ikiachwa imefunguliwa ili iwe tegemeo endapo mambo yataharibika. Ndoano zote mbili ziguse kwa usawa, ndipo mpini ukandamizwe kwa mwendo mmoja, bila kusitasita. Wakati wa kushusha, mpini huinuka kwa kasi. Uso uwekwe mbali, na mkono mmoja uendelee kuishikilia pikipiki hadi itakapoegemea upande wake. Mtu asipande juu ya pikipiki ingali juu ya stendi.

Onyo kubwa zaidi halihusu kuanguka. Gurudumu likishaelea, hutokea kishawishi cha kuwasha injini, kutia gia na kuuacha mnyororo ujizungushe huku mtu akiusafisha kwa kitambaa. Kitambaa hunaswa, huvuta vidole hadi kwenye meno ya sproketi, na vidole hukatika kabla mtu hajapiga ukemi. Injini izimwe, gia iwe huru, na gurudumu lizungushwe kwa mkono. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu.

Kwa ufupi, anayeingia dukani, awe katika Barabara ya Kirinyaga au kwingineko, abebe majibu ya maswali manne: pikipiki yake ina mikono mingapi, ina mashimo ya bobini au haina, hesi yake ni ya kipimo gani, na anataka kufanya kazi ipi. Wauzaji wengine husema stendi moja huifaa kila pikipiki. Wahenga walinena kuwa rahisi huwa ghali, na mwenye kuujua ukweli huo zaidi ni yule aliyewahi kuiokota pikipiki yake sakafuni.